Laptopu ya mjomba

Kwetu Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na wa kuulizwa habari za ardhi ni mjomba. Baba ana heshima yake, lakini shamba la ukoo linaishia wapi, hilo ni la mjomba. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu akajipa kazi ya kuzungukia wazee na simu mfukoni, anawarekodi, jioni anahamishia sauti zao kwenye laptopu. Alifariki mwaka juzi. Laptopu nikapewa mimi, mama akisema, "Wewe si ndiye mwandishi wa habari?"

Wakati huohuo ukoo wetu una ugomvi wa mpaka na majirani, umefika hadi baraza la kata. Kila mtu anasema mjomba alikuwa na ushahidi. Na laptopu haiwaki.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, feni kimya, skrini nyeusi. Nikateremka nayo Morogoro mjini, kwa fundi kijana mwenye meza nyuma ya soko la Chifu Kingalu. Nilitegemea ataifungua palepale. Wala. "Umeme unaanzia ukutani, dada," akasema, akahamisha chaja kwenye soketi nyingine. Kisha akaipima na mita. Chaja imeandikwa volti 19, na mita ikasoma 19 na pointi. Basi chaja ni nzima. Wengi, aliniambia, hukimbilia kununua chaja mpya, wanaondoka na ugonjwa uleule na hela imeisha.

Akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 hivi bila umeme wowote, ili chaji iliyobaki kwenye bodi iishe. Akarudisha chaja peke yake. Kimya. Akachomoa chipu ya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kile cha wanafunzi. Kimya. Ndipo akashika bisibisi.

Ndani kulikuwa na kutu ya kijani karibu na tundu la chaja. Sikushangaa. Mteremko wetu ndio unaokinga mvua za kutoka Bahari ya Hindi, nguo zenyewe zinaota ukungu kabatini. Volti 19 zilifika mlangoni zikaishia hapo, kwa sababu kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imeungua na kupeleka umeme wote chini. Ukaguzi wote huo ulichukua nusu saa. Kisha akaniuliza swali ambalo kwetu hakuna aliyewahi kuliuliza:

"Unataka mashine, au unataka vilivyomo?"

Maana bodi inaweza kufa na diski ikawa haina habari. Akafungua skrubu nne, akatoa diski, akaiweka kwenye kikasha chenye waya na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Kabla ya kugusa chochote akainamisha sikio. Diski za zamani huzunguka, na ikisikika tik, tik, tik, ujue kichwa cha kusomea kimeharibika, uizime haraka. Hii ilivuma taratibu kama nyuki wa mbali.

Folda zilikuwa na majina ya vijiji, moja tu ikiitwa MATUTA 1955. Mwaka huo Waluguru wa Matombo walikataa amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Udongo usio na rutuba ulikuwa unaletwa juu na chakula kinapungua. Kukawa na ghasia, mpango ukaachwa. Shuleni nilisoma aya moja juu yake. Kwenye sauti ile mzee, aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, anasimulia kwa Kiluguru jinsi matuta yalivyofukia alama za zamani za mashamba. Mjomba anamuuliza mpaka wetu ulikuwa wapi. Mzee hasiti: ni kijito. Siyo mvule.

Sisi ndio tunaosema mvule.

Nikamlipa fundi, nikanunua flashi mbili. Bodi nilimwachia, atoe vipuri akipenda.

Nyumbani nilimwekea mama sauti ile kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie pale pa kijito. Nilimwambia baraza linakaa wiki ijayo na hakuna mwingine aliyeisikia.

"Mzee huyo namfahamu," alisema. "Ni babu yao wale wa ng'ambo. Alifariki kabla ya mjomba wako. Wao wana sauti yake?"

"Hawana."

Alinyamaza kidogo, anachambua mboga.

"Hiyo flashi ya pili wapelekee. Nenda sasa hivi, kabla mvua haijashuka."