Matango ya futari yaliyokosa jua



Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja hapa Bariadi, makao makuu ya mkoa wetu wa Simiyu. Kazi ya katibu ni kuandika yaliyosemwa na yaliyotendeka, bila kuongeza wala kupunguza. Mwaka 2025 nilikaribia kulivunja sharti hilo kwa sababu ya tuta moja la matango, na naona kisa chenyewe kina faida kwa kila familia yenye ua mdogo na nia ya kulima.

Mwishoni mwa mwaka 2024 niliiomba kamati initolee shilingi 60,000 kutoka mfuko wa madrasa ili tupande matango nyuma ya msikiti. Ramadhani ya mwaka 1446 ilitarajiwa kuingia mwanzoni mwa Machi, na tango huanza kuchumwa baada ya siku 50 hadi 60 tangu kupandwa mbegu. Nilikumbusha kuwa Abdallah bin Jaafar (ra) alisimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba alimwona Mtume (saw) akila matango pamoja na tende mbivu. Wazee wakatabasamu, na fedha zikatoka.

Tukapanda wiki ya kwanza ya Januari. Nilichagua mahali palipo nyuma ya ukuta wa kibla, kwa kuwa pametulia na mbuzi hawapiti. Tuta lilikuwa na upana wa mita moja, limeshikana na ukuta. Udongo wake ni ule mweusi wa mbuga, na mimi nilijiambia kwamba udongo unaozaa pamba ya Simiyu hautashindwa na tango. Wanafunzi wa madrasa wakapewa zamu za kumwagilia. Kila alasiri walibeba madumu kutoka bombani, wadogo wakishika dumu moja wawili wawili.

Miche iliota, ikarefuka kama nyuzi, ikawa na rangi ya manjano. Mingine ilioza shinani. Iliyobaki ilitoa maua machache yaliyopukutika. Ramadhani ikaingia, na futari yetu ikawa uji na mihogo kama miaka yote.

Kikao cha kamati kilipokaribia, niliandaa taarifa. Niliandika kwamba mradi haukufanikiwa "kutokana na upungufu wa maji katika kipindi cha kiangazi cha Januari na Februari." Sentensi hiyo ilikuwa nyepesi kuandika, maana kila mtu wa Simiyu anajua kuwa mvua zetu hukatika katikati ya msimu, na hakuna ambaye angeniuliza zaidi.

Siku mbili kabla ya kikao, mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka tisa hivi, alinifuata baada ya darasa. Akaniuliza, "Ustadhi, ni kweli matango yalikufa kwa sababu tulimwagilia kidogo?" Sijui nani alimwambia. Nilimjibu kwamba tutazungumza siku nyingine, naye akaondoka ameinamisha kichwa.

Jioni ile nilimweleza jambo hili bibi mmoja jirani wa msikiti, mkulima wa siku nyingi. Akaniomba twende tukalione tuta. Alichimba kwa kidole, akafinya bonge la udongo, likashikana kama la mfinyanzi. Kisha akatazama ukuta, akatazama juu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayetupangia nyakati za swala?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kivuli unakijua. Hapa Januari jua lilifika saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na aibu ilinishika. Chuoni nilisoma kwamba adhuhuri huingia jua linapopinduka, na alasiri, kwa madhehebu yetu ya Shafii, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Nimesoma katika Suratul Furqaan aya ya 45 namna Allah alivyolifungamanisha jua na kivuli. Elimu hiyo yote niliiacha mlangoni nilipokwenda kushika jembe.

Hapa Bariadi tuko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini wetu, na kwa hiyo ukuta wa kibla hutupa kivuli chake upande wa nje, kaskazini. Tuta langu lililoshikana na ukuta lilikuwa gizani karibu siku nzima katika Januari yote. Lau ningepanda hapo Juni, wakati jua liko kaskazini, lingepata mwanga wa kutosha. Tango linahitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita hadi nane kila siku. Likikosa, hurefuka kutafuta mwanga, likawa dhaifu na lisizae.

Na maji yalikuwa mengi kupita kiasi. Udongo wa mbuga hushika maji, ukavimba, na ukikauka hupasuka nyufa. Mahali pasipo na jua maji yale hayakukauka, mizizi ikaoza. Watoto walifanya kazi yao barabara, na ni mimi niliyekosea.

Usiku ule niliichana taarifa. Niliyoandika upya, na kuyasoma mbele ya kamati, ni kwamba katibu alichagua mahali pa kivuli na udongo usiofaa, hakuuliza wenye ujuzi, na wanafunzi walitimiza zamu zao zote. Nilirudisha shilingi 60,000 kwa mafungu matatu. Mwenyekiti alinitazama kwa muda, kisha akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Darasani niliwaambia watoto maneno yaleyale. Yule wa miaka tisa alicheka, akauliza tutapanda tena lini.

Tulipanda tena wiki ya kwanza ya Aprili, na safari hii bibi ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwanza tulisimika kijiti uani, tukaangalia kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Tukachagua sehemu ya wazi isiyofikiwa na kivuli cha ukuta wala mwarobaini katika saa hizo. Kumbuka kwamba kivuli cha Januari si cha Juni, hivyo angalia katika msimu unaotaka kupanda.

Kisha udongo. Mbuga peke yake ni mzito, na luseni, ule mchanga wa miinukoni, peke yake haushiki maji wala chakula cha mmea. Tulichanganya ndoo moja ya mbuga, ndoo moja ya luseni na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi ikawa nyeusi na kupoteza harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ukiufinya udongo mzuri wenye unyevu, hushikana, na ukiugusa kwa kidole humeguka. Tuliinua tuta kiasi cha sentimita 30 ili mvua za masika zisituame. Mbegu zilikwenda chini sentimita mbili, shimo hadi shimo sentimita 40, na juu tukatandaza nyasi kavu. Mashina tuliyapandisha kwenye fito ili matunda yasilale chini.

Mvua zilipopungua, tulichimba mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia, na maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu yakaelekea tutani. Maji humwagwa shinani asubuhi, si juu ya majani, kwani majani yenye unyevu huvuta ubwiri. Na yasikatizwe, maana tango lenye kiu huwa chungu.

Mwishoni mwa Mei, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, tulichuma ndoo ya kwanza. Watoto waligawa matango kwa wajane na majirani, wakiwemo wasio Waislamu, na kama alivyotufundisha Mtume (saw), kila kiumbe alacho katika kilichopandwa na Muislamu ni sadaka kwa aliyepanda. Ndoo ya pili tuliipeleka kwa bibi. Alichagua tango moja, akalivunja, akalionja, akasema halina uchungu.

Katika muhtasari wa Juni niliandika idadi ya ndoo, na sababu ya mafanikio: ushauri wa jirani.