Ofisi ya Baba

Likizo iliyopita, bumu likiwa limeshakata, nilirudi kwetu Lusu, Nzega. Asubuhi ya pili baba akaniambia, "Vaa viatu vya maana, twende nikuonyeshe ofisi yangu." Nikacheka. Baba hana ofisi tangu nikiwa darasa la sita.

Ofisi hiyo ni Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa wa dhahabu kufunguliwa nchini baada ya wawekezaji kukaribishwa miaka ya 1990. Dhahabu ilianza kutoka mwishoni mwa 1998, ikaisha mwanzoni mwa 2014. Zilitoka zaidi ya wakia milioni 2. Baba aliendesha lori la mawe.

Tulifuata njia ya ng'ombe. Nikamwonyesha kilima kimeota majani vizuri. "Hicho si kilima," akasema, "ni kazi yetu ya zamu ya usiku." Kila rundo analijua. Tulipofika kwenye tuta la shimo akasimama muda mrefu, kisha akanyoosha fimbo: "Hapo chini ndiyo ada yako. Na bati zile za nyumba."

Nikamuuliza kwa nini hakuhama. Wenzake walifuata migodi ya Geita na Kahama. Sisi Wanyamwezi kusafiri hatujaanza jana. Mababu walibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo. "Bibi yako alikuwa mgonjwa," akajibu. Basi. Baada ya hapo aliuza pikipiki, kisha ng'ombe, mmoja mmoja, mpaka nikamaliza kidato cha sita.

Mimi nasoma uhandisi wa madini. Kwenye mtihani tuliulizwa hatua za kufunga mgodi. Niliandika miteremko, udongo, miti, maji. Nikapata alama zote. Dereva wa lori hakuwemo kwenye jibu langu, na hakuna aliyegundua.

Baada ya mgodi kufungwa, kambi ya zamani iligeuzwa kampasi ya Chuo cha Madini. Wakati tunarudi, vijana wawili wenye kofia ngumu wakatuamkia. "Marahaba," baba akaitikia. "Mnasomea kufungua au kufunga?"

Wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimeubadilisha: waliobaki Lusu wanaishije? Msimamizi ameuliza takwimu nitazipata wapi. Nimemwambia nitaanzia nyumbani.