Lehemu Haishiki Penye Uchafu

Hapa Ruaha Mbuyuni kitalu cha vitunguu hakingoji mtu. Ndoo yangu ya kunyweshea ilipotoboka, nami sina fedha ya kununua nyingine, nalikusudia kuilehemu mwenyewe uani. Nikapasha moto makaani chuma chenye ncha ya shaba, nikayeyusha lehemu juu ya tundu. Ikaviringika kama shanga, ikaanguka chini. Mara tatu hivyo hivyo.

Jirani yangu, fundi wa makopo, akacheka, akasema, "Mwalimu, umeipasha lehemu, ndoo umeiacha baridi, tena ina kutu." Basi nikaisugua kwa msasa hata ikang'aa, nikapaka dawa ya kulehemu, nikaipasha ndoo kwanza. Lehemu ikaenea kama maji, maana ile yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwa digrii 183 za sentigredi tu.

Lakini, wasomaji, risasi ni sumu. Tulehemu penye upepo, tunawe mikono, wala tusizibe hivyo vyombo vya kunywea.

Nami darasani, mara ngapi nimemwaga maneno juu ya moyo usiotayarishwa, kisha nikamlaumu mtoto?