Ule Mstari wa Kijani

Kosa lenyewe halikuchukua hata dakika kumi. Kulinyamazia kulichukua miezi minne. Nayaandika yote mawili, kwa sababu la pili ndilo linaloniamsha usiku.

Ninaishi Olasiti, na kwa miaka kadhaa sasa nimekula kwa kuongoza wageni kwa baiskeli kwenye miteremko ya Mlima Meru. Naipenda kazi hii. Anayepita huku kwa gari haonji chochote, lakini mwenye baiskeli hupanda kwa mapafu yake mwenyewe. Tunaondoka Olasiti asubuhi, vumbi na joto vikiwa tayari vimeamka, tunavuka barabara ya Dodoma, tunaambaa na mibuni ya Burka, tunakata hadi Ngaramtoni ambako wanawake wanashusha viazi na mikungu ya ndizi. Kutoka hapo ni kupanda tu. Ukifika Olmotonyi, kwenye Chuo cha Misitu na ule msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hewa imeshabadilika: baridi inaingia kwenye mikono ya shati, utomvu wa misonobari unanukia, na juu zaidi, msitu wa asili unapoanza, ukibahatika unamwona mbega akirusha mkia wake mweupe. Mawingu yakikaa pembeni, kilele chenyewe kinaonekana, mita 4,566. Nimewaona watu wazima wakilia pale.

Shida yangu ilikuwa kushuka. Njia ya kurudi ni ya malori ya magogo. Wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga wa sembe na lori likikupita huoni mbele. Wageni wawili waliwahi kuanguka pale katika wiki moja. Nikaanza kutafuta njia nyingine.

Niliitafuta kwenye simu, nimekaa kitandani. Ukiangalia picha za setilaiti za huku zilizopigwa kiangazi, mashamba yote ni kahawia. Katikati ya ule ukahawia niliona mstari mwembamba wa kijani, unateremka polepole ukikumbatia tumbo la kilima, karibu kilomita tatu, hauna kona kali wala mwinamo wa kutisha. Nikajiambia hii ni njia ya miguu yenye miti pembeni. Nikaufuata kwa kidole, nikauhifadhi, nikaupa jina.

Sikujiuliza kwa nini ulikuwa wa kijani mwezi ambao kila kitu kimekauka.

Siku nilipokwenda kuujaribu peke yangu nilipata jibu. Ulikuwa mfereji wa maji. Njia ilikuwepo kweli, juu ya ukingo wake, upana wa viganja viwili hivi, imekanyagwa na miguu ya watu wanaokwenda kusafisha mfereji na kugeuza maji. Bibi mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe pale. Nikamwambia, "Shikamoo, koko." Akaitikia marahaba, akasimama na mundu wake mkononi akiniangalia napita. Nikaichukua ile marahaba kuwa ruhusa.

Mifereji mingi ya Waarusha na Wameru haina saruji. Maji hukingwa kwenye banio juu huko mtoni na kuletwa kwa mteremko mdogo mno, hadi shamba la mwisho, na kila kaya ina zamu yake: saa fulani za siku fulani. Udongo wa Meru ni majivu ya volkano. Mlima huu ulitoa moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wake mwepesi ndio unaotulisha. Lakini udongo huohuo ukilowa hauna mshiko. Ukingo unasimama kwa sababu ya mizizi ya nyasi na kwa sababu kuna watu wanaoushindilia kila msimu. Maji yanayobaki mtoni upande huu wa kusini huteremka mpaka Themi, yakaingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwisho Mto Pangani na baharini. Haya yote nilikuwa nikiwaeleza wageni kila wiki, tena kwa ufasaha. Niliyajua.

Ilikuwa Septemba. Nilikuwa na wageni saba. Mimi mbele, msaidizi wangu nyuma, tukapanda juu ya ukingo mmoja mmoja. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizowahi kuongoza: maji yanakimbia sambamba na gurudumu, vivuli vya migrivea, watoto wanapunga mikono kutoka ng'ambo ya mahindi makavu. Baiskeli moja haiumizi kitu. Baiskeli tisa zinazofuatana katika mfuo uleule zinakata kama jembe. Aliyekuwa wa saba alihisi ukingo unalegea, akabana breki ya nyuma, tairi likaserereka, na ukingo ukafunguka. Kwanza tundu la kuingiza ngumi. Kabla sijarudi mpaka pale lilikuwa la kuingiza sufuria.

Tuliziba. Mawe, matope, mashina ya nyasi niliyong'oa kwa mikono. Maji yakapungua, yakabaki yanavuja tu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliniuliza kama tusimtafute mwenye mfereji. Nikamjibu, "Hapana, mama, wamezoea. Watakuja kurekebisha wenyewe." Nilisema huku natabasamu, nanawa mikono kwenye maji yaleyale. Nilikuwa nawaza chakula cha mchana kilichokuwa kinatungoja Ngaramtoni na gari la kuwapeleka uwanja wa ndege. Jioni walinipa bakshishi nono.

Usiku kile kiraka kilipasuka.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale Ngaramtoni, baiskeli iko kwa fundi inanyooshwa rimu. Meza ya pili wazee walikuwa wanazungumzia kijana mmoja anayebeba maziwa, aliyetozwa faini na kamati ya mfereji kwa kubomoa ukingo. Zamu iliyopotea ilikuwa ya mjane fulani. Viazi vyake vilikuwa vinaanza kuzaa, na hadi zamu nyingine ilipofika vilikuwa vimenyauka. Kijana alikataa kata kata. Lakini alama za tairi zilikuwepo, na pale kijijini mwenye baiskeli ya kupita alfajiri ni yeye.

Hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Baiskeli ya maziwa ni ile kubwa ya chuma, tairi lake jembamba, alama yake ni mistari midogo iliyonyooka, kama ya kamba iliyolazwa kwenye udongo. Matairi yetu ni mapana, yana meno. Yakipita kwenye tope yanaacha vishimo vya pembe nne, safu kwa safu, kama kwato za mbuzi wengi. Mtu yeyote anayeishi na baiskeli angezisoma alama zile mara moja. Lakini kijana alipita alfajiri juu ya alama zetu, wakafuata ng'ombe, wakafuata watu waliokuja kutazama. Aliyeweza kuzisoma alikuwa mimi, nami nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwa wazee wale, kikombe mkononi. Nililipa chai, nikaondoka.

Nilijipa sababu. Faini ameshalipa, sasa kelele za nini. Kijiji kikijua, kitafunga njia zote, na wenzangu watakosa kazi. Nitampelekea kitu kimyakimya. Sikumpelekea kitu. Niliendelea kuitumia njia ile mara mbili zaidi, naapa ni mara mbili, kisha nikaiacha bila kumweleza mtu kwa nini.

Januari nilikuwa napanda na wageni wanne. Mbele yetu, pembeni mwa barabara, kijana anashuka kwa miguu, madumu mawili ya maziwa yananing'inia kwenye mti begani. Alisogea kwenye majani kutupisha. Akasema, "Karibuni sana." Msaidizi wangu, ambaye anatoka huko, akaninong'oneza, "Ndiye huyo. Baiskeli aliiuza." Nilipanda mlima wote ule na sikumbuki hata mti mmoja.

Kesho yake nilirudi bila baiskeli. Nilikwenda kwa mzee mwenyekiti wa mfereji, nikamsimulia kama nilivyosimulia hapa, pamoja na ile chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na huyo kijana umeshamwona?" Nikasema bado. Akasema twende.

Kamati ilinitoza faini, na ilikuwa haki. Nilifanya kazi siku mbili na vijana wao, tukashindilia ukingo na kupanda majani ya tembo pale palipokatika. Kijana alirudishiwa faini yake mbele ya watu. Baiskeli nilimtafutia nyingine iliyotumika, ya aina ileile, keria lake la chuma zima. Aliizunguka, akaminya breki, akatikisa keria. Akashukuru. Kisha akasema ile ya kwanza uma wake ulichomelewa na marehemu baba yake. Hakusema kwa kunilaumu. Niliwatafuta walionunua ile baiskeli. Ilikuwa imeshafunguliwa, imeuzwa spea moja moja.

Mjane nilimkuta nyumbani kwake. Alikuwa ni yule bibi wa mundu. Nilipiga magoti, nikamwambia, na nikamwekea fedha ya mbegu na mbolea, ambayo hakuigusa mpaka mwanawe alipokuja kuichukua. Alisema, "Siku ile ya kwanza ulinisalimia vizuri. Ungeniuliza, ningekuambia mshuke, msukume kwa mkono. Wengine wote huwa wanashuka."

Njia nimeifuta kwenye simu yangu. Tunashuka kwa barabara ya malori, tunafunga vitambaa puani, na wageni wanaolalamika nawaeleza sababu nzima. Lakini wakati ule nikijivunia mstari wangu niliwatumia waongozaji wenzangu kumi na mmoja, na baadhi yao waliwapa wengine. Nimewafuata mmoja mmoja, Sakina, Usa River, mpaka Moshi, nikiwaeleza na kuwaomba waufute mbele yangu. Tisa wameufuta. Mmoja amebadilisha namba, na mwingine hapokei simu yangu. Jumamosi nitakwenda kwake asubuhi, kabla hajatoka na wageni.