Chipsi Hazijaiva, Sahani Nishainyoosha

Nimerudi chuo kutoka mazoezi ya kufundisha, na kuna stori lazima niitoe moyoni.

Nilitengeneza kiprogramu kwa JavaScript cha kujumlisha alama za Kidato cha Pili. Nilipokijaribu nyumbani alama zilikuwa ndani ya programu yenyewe, kikakubali. Shuleni nikaziweka kwenye faili katika kompyuta nyingine. Siku ya kukaguliwa, mkufunzi kakaa nyuma na kalamu yake, mimi nabonyeza... majina yote yanatokea, kila mmoja jumla 0. Darasa zima kicheko!

Kwa aibu nikamgeukia monita aliyeingiza alama, nikamgombeza mbele ya wenzake. Mtoto wa watu akainamisha kichwa.

Usiku ndo nikagundua faili lilikuwa zima. Kosa langu. JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich mwaka 1995, ni kama muuza chipsi mmoja mwenye wateja kibao. Ukiagiza, hasimami kukodolea karai. Anakata kachumbari, anamhudumia mwingine, zikiiva ndo anakuita. Kuomba faili ni hivyo hivyo: ombi linatoka, mistari inayofuata inaendelea bila kusubiri. Jibu likifika, linakaa foleni mpaka kazi iliyo mkononi iishe. Hata ukiiambia ifanye jambo baada ya sekunde 0, itamaliza kwanza ilichoshika. Mimi niliagiza, papo hapo nikanyoosha sahani, nikalalamika haina chipsi!

Dawa ni kuiweka hesabu mahali inapoitwa jibu likishafika. Tangu 2015 lugha hii ina "ahadi" rasmi za kazi hiyo, na 2017 likaongezwa neno await: hesabu hii isubiri hapa, mengine yaendelee. Nikarekebisha mstari mmoja tu, jumla zikatoka zote.

Kesho yake nikamwomba monita radhi, mbele ya darasa lile lile. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, mi nilitaka kukujibu jana, ila hukunisubiri."

Duh! Nilikosa pa kuangalia. Kumbe nilifanya kosa moja mara mbili siku moja, na la pili halina mstari wa kurekebisha.

Haya wadau, anayetaka kiprogramu aje na flashi. Tuko pamoja.