Usiku Mmoja Bweyeye: Watoto Wanalalaje Kwenye Baridi?

Sisi ni walimu wa darasa la watoto wadogo hapa Kigeme. Mwezi huu hatuandiki juu ya herufi wala namba. Tunataka kuwasimulia safari yetu ya Bweyeye, maana huko tuliona jinsi ya kumlaza mtoto mahali pa baridi, jambo ambalo sisi tulikuwa tunalifundisha nusunusu, na hiyo nusu ilitaka kutuletea msiba.

Tuanze na hapo. Wakati wa mvua za mwezi wa nne tuliwaambia kina mama darasani kwamba mtoto mchanga asiachwe alale na baridi. Tukaishia hapo. Hatukusema afanyiwe nini. Mama mmoja wa mstari wetu, mtoto wake akiwa na wiki tano, akaingiza mbabula ndani usiku, akafunga mlango, akaziba na nafasi za dirisha kwa matambara. Alfajiri mtoto wake mkubwa akaamka anatapika, kichwa kinamgonga, akaanguka mlangoni. Jirani alisikia kishindo. Yule mchanga alikuwa amelegea, akipewa ziwa hashiki. Walitolewa nje kwenye hewa, wakakimbizwa kwa waganga, na Mungu akasaidia, wote wako hai. Baadaye yule mama alituuliza: "Walimu, si ninyi mlisema asisikie baridi?" Hatukuwa na jibu.

Kwa wale wasiojua: makaa yakiungua kwenye chumba kilichofungwa yanatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Wengi wanaogopa moshi, wanangoja makaa yawe mekundu kabisa ndipo wayaingize ndani. Kumbe hayo mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Mtu aliyelala anazidi kulala tu, na mtoto mdogo ndiye anayezidiwa mapema.

Sasa safari. Mwenzetu mmoja ana shangazi aliyeolewa Bweyeye miaka mingi iliyopita, na binti wa huyo shangazi alikuwa amejifungua. Mnajua desturi ya huku, mzazi lazima aende kuhembwa, apelekewe unga wa uji na maziwa. Tukachanga, tukaomba ruhusa, tukaondoka watatu asubuhi.

Kutoka Kigeme unashika ile barabara kubwa ya kwenda Rusizi. Unapita Gasarenda, unapita mashamba ya chai ya Kitabi, halafu msitu wa Nyungwe unakumeza. Wale waliopokelewa kwanza kituo cha Nyagatare kule Rusizi, kisha wakaletwa huku, wanaukumbuka msitu huo: ukungu, kona, watoto kutapika ndani ya basi. Mwaka 2023 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mahali panapoitwa Pindura tuliteremka, tukashika njia ya kushoto kwa pikipiki. Ni kama kilomita 32, msitu huku na huku, nyani wamekaa kando ya barabara kama watu wanaongoja basi. Wazee wanasema zamani njia ilipokuwa ya udongo, mgonjwa wa Bweyeye alikuwa anabebwa kwenye machela.

Bweyeye ni sekta ya wilaya ya Rusizi, zamani tulikuwa tunasema Cyangugu. Iko pembeni kabisa, ng'ambo ya pili ni Burundi na msitu wao wa Kibira. Ajabu ni kwamba wilaya hiyohiyo ina Bugarama, bonde la mpunga, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari. Kule mama anahangaika mtoto asilowe jasho na mbu wasimmalize. Bweyeye mama anahangaika na unyevu. Tulifika saa tisa mchana, mvua ikaanza saa tisa na nusu, na ilikuwa inanyesha bado tulipokwenda kulala.

Nyumba ya shangazi ni ya udongo na mabati, vyumba viwili na sebule, jiko liko nje peke yake. Tulikaa jikoni na yule bibi mzaa mume, mukecuru wa miaka sabini na kitu, tukiota moto. Ilipofika saa mbili tukamwona anatoa blanketi dogo la mtoto, analishika mbele ya moto, analigeuza kama mtu anayechoma mkate, analipitisha shavuni mwake kupima joto, halafu analikunja na kulikimbiza ndani chini ya kanga. Tukamuuliza kwa nini asipeleke tu mbabula chumbani. Akatuangalia kama watoto wa darasa letu. "Moto haulali na watu, walimu wangu. Blanketi ndilo linakuja kwa moto." Akaendelea na la pili.

Tuseme kweli, pale tulinyamaza. Jambo dogo namna hiyo! Tungelijua mwezi wa nne, yule mama asingeziba dirisha lake.

Ndani tuliona mengine. Matela haikuwa chini sakafuni. Chini kulikuwa na majani makavu, juu mkeka, juu ya mkeka matela. Asubuhi matela ilinyanyuliwa ikasimamishwa ukutani, majani yakapindua upande wa pili. Joto la mwili na unyevu wa sakafu vinakutana chini ya matela, na ukiiacha hapo wiki nzima utakuta ukungu mweusi umeota. Hapa kwetu tumeziona hizo doa nyumba nyingi. Shangazi alisema majani anayabadilisha kila yanapopoteza harufu yake. Sisi majani hatuna ya kutosha, lakini kusimamisha matela kila asubuhi hakuombi pesa.

Mchanga mwenyewe, wa siku kumi na mbili, mchana wote alikuwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, amefungwa na kikwembe. Tulifurahi, maana hilo tunalijua kutoka mafunzo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, madaktari walikosa mashine za kutosha za kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao, na leo hospitali nyingi duniani zinafanya hivyo.

Lakini si kila kitu tulikubali. Usiku bibi alimlaza mtoto ubavu, akamwekea nguo iliyoviringishwa mgongoni asigeuke. Mwenzetu akamwambia kwa heshima: mukecuru, siku hizi tunafundishwa mtoto alale chali. Akakataa, ati akicheua atapaliwa. Hofu hiyo tunaisikia hata hapa. Ukweli ni kwamba mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yakirudi yanashuka yenyewe au anayameza. Marekani walianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua karibu nusu ndani ya miaka kumi hivi. Bibi alicheka akasema yeye amelea tisa. Binti yake hakujibu kitu, ila tulipopita asubuhi mtoto alikuwa chali, na ile nguo iliyoviringishwa haikuwepo.

Sasa tufike kwa yule tuliyempenda zaidi, kaka yake mchanga, miaka miwili na miezi michache. Huyu ndiye aliyehamishwa kitanda. Hapa kwetu tunawahamishaje? Mama anarudi kutoka kujifungua, na usiku uleule mkubwa anasukumwa kwa dada zake, blanketi lake limechukuliwa na mgeni, ziwa limechukuliwa na mgeni, nafasi imechukuliwa na mgeni. Akilia anaambiwa wewe ni mkubwa sasa. Jana alikuwa mdogo!

Bweyeye walianza miezi miwili kabla. Kwanza walimtandikia mkeka wake kando ya kitanda cha mama, mkono wa mama unafika. Baada ya wiki kadhaa mkeka ukahamia chumba cha bibi. Mkeka ulihama, lakini kikwembe anachojifunika ni kilekile alichobebwa nacho mgongoni, kimefifia hata maua hayaonekani. Saa ni ileile, uji, kukojoa nje, kunawa miguu, bibi anamwambia majina ya mbuzi mpaka anasinzia. Kinabadilika kitu kimoja, vingine vinabaki. Bibi alisema wiki ya kwanza alikuwa anaamka anatembea gizani kumtafuta mama yake. Hakumpiga, wala hakumrudisha kitandani. Alimlaza tena, akamwekea mkono tumboni, kimya. Mara tatu, mara nne kwa usiku. Mtoto alipozaliwa huyu akarudi kukojoa kitandani siku kadhaa, akapewa mkeka mwingine mkavu, hakuna aliyemwita kikojozi.

Tulimwaza sana tukiwa kwenye pikipiki ya kurudi. Watoto wetu wamebadilishiwa kila kitu kwa mara moja: nchi, nyumba, kitanda, hata sauti za usiku. Kuna mtoto darasani kwetu asiyekubali kulala mchana bila kushika kipande cha shuka alichokuja nacho, na tulikuwa tunakificha, tukidhani ni uchafu. Tumemrudishia. Tunakifua Ijumaa.

Tangu turudi tumejaribu haya na familia nne. Tusidanganyane, hayakufaulu yote. Mmoja alizoea mkeka wake ndani ya siku tisa. Wawili wanalala nusu ya usiku huko na nusu kwa mama. Familia ya nne ni watu saba chumba kimoja, na baba alituambia wazi: walimu, mnataka nimhamishie wapi, juu ya bati? Ana haki. Kwake tulikubaliana tu kwamba mchanga alale ukingo wa mama, mbali na baba na ndugu zake, pasipo mto, blanketi lisipite kifua, na pasiwe na mwanya kati ya matela na ukuta wa kumtumbukiza. Na yule mkubwa abaki na kikwembe chake hata kama mguu wake uko juu ya mguu wa dada.

Mama wengi wanatuuliza mtoto alale saa ngapi kwa jumla. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miezi mitatu, saa 14 hadi 17 kwa siku, miezi minne hadi kumi na moja, 12 hadi 16, mwaka mmoja na miwili, 11 hadi 14, miaka mitatu na minne, 10 hadi 13. Hapo usingizi wa mchana umo ndani. Kwa hiyo anayelala saa tano za usiku kwa sababu redio ya jirani haizimwi, huyo anadaiwa usingizi, na hizo hasira zake za asubuhi ndiko zinakotoka. Juu ya redio tutaandika siku nyingine, kwa uchungu.

Yule mama wa mbabula tulimwendea siku ya pili baada ya kurudi. Tulimwomba radhi kwanza. Halafu tukakaa nje kwenye mbabula yake tukapasha blanketi pamoja, yeye akalipima shavuni, akasema bado, akalirudisha kidogo. Mtoto sasa ana miezi minne na anacheka na kila mtu.

Jumatano baada ya masomo tutaonyesha namna ya kupasha blanketi bila kuliunguza na namna ya kumfunga mchanga kifuani. Baba pia waje. Mwenye kikwembe cha zamani asichokihitaji akilete, hata kikiwa na matundu, tuna watoto watatu ambao wanahama mkeka mwezi ujao na hawana chochote walichokuja nacho.