Paswedi Ilipokuwa Ikiombwa Mlangoni

Zamani intaneti Karatu tuliifuata kwa miguu. Unalipia nusu saa kafe, sehemu kubwa ikiishia kutazama ukurasa ukijivuta. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009 mambo yakaanza kulainika, ingawa kwetu huku intaneti iliendelea kupita kwenye minara ya simu. Rauta yetu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, yenye ulinzi wa WEP, ambao wataalamu walishaonyesha tangu 2001 kwamba unavunjika. Nani angehangaika kuuvunja? Paswedi iliombwa mlangoni kama chumvi.

"Shikamoo mama, paswedi ni ileile?"

"Marahaba mwanangu, ileile."

Huyo ni dereva wa watalii, ametoka kreta, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, ana picha za faru za kumtumia bosi wake Arusha. Wenzake nao wakaijua njia. Saa moja jioni magari yamejipanga nje ya uzio, na bando la wiki halivuki Jumatano.

Bando lingevumilika. Ila pesa zilihamia kwenye simu, na vyumba vya nyuma vikapata wapangaji. Kijana wangu aliporudi likizo kutoka chuo, aliandika anwani ya rauta, 192.168.1.1, kwenye kompyuta, akaweka "admin" mara mbili, mipangilio yote ikafunguka. Yeyote aliyekaa pale nje na paswedi yetu angeweza kufanya vivyo hivyo, akatufungia nje, au akatupeleka kwenye tovuti ya benki ya uongo bila sisi kushtuka.

Alibadili hiyo "admin" kwanza. Kisha akanunua rauta yenye ulinzi wa WPA2 na kuizima WPS, ule mfumo wa kuunganisha haraka kwa kitufe au namba ya siri. Namba hiyo ina tarakimu nane, ila rauta huzikagua mafungu mawili, kwa hiyo mbahatishaji anahitaji majaribio yapatayo 11,000 tu. Kompyuta inayamaliza kwa saa chache. Udhaifu huo ulitangazwa mwishoni mwa 2011, na bado nakuta rauta mjini hapa zimeuacha wazi, huku paswedi ya kiwandani ikisomeka kwenye stika dirishani.

Paswedi yetu sasa ni sentensi ndefu, nusu Kiiraqw nusu Kiswahili. Madereva wana bando zao. Wapangaji wanatumia mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vyetu, na paswedi yake naibadili kila mwisho wa mwezi. Jirani mmoja bado amenuna: tamthilia yake ilikatikia sehemu ya harusi.